Jiwe Lipimwe Kabla ya Kuuzwa
Mwezi Mei 1832, katika jangwa la Atacama nchini Chile, Juan Godoy aligundua mawe yenye fedha mahali paitwapo Chañarcillo. Hakukaa na bahati hiyo: mapema tu aliuza fungu lake, na utajiri ukaenda kwa wengine.

Mlima ule ni wa mawe ya chokaa yaliyopasuliwa na mishipa ya madini. Karibu na uso wa ardhi, fedha ilikuwa imeungana na klorini na bromini, ikawa jiwe laini mithili ya nta, linalokatika kwa kisu, lisilofanana hata kidogo na fedha ya bangili. Chini zaidi yalikuwapo madini mekundu yenye salfa, magumu zaidi kusafisha. Fedha hiyo ilichangia kuleta reli ya Caldera hadi Copiapó mwaka 1851. Leo mgodi ni mahame.

Mchuuzi wa mawe mpakani naye hana macho ya kuona kilichomo ndani. Serikali za ukanda huu ziweke maabara za kupima madini kwenye vituo vya forodha, kwa ada anayoimudu, na cheti kikubalike pande zote mbili.