Mtungi Usio na Maji

Msomaji mpenzi, hebu chukua kalamu uchore mtu aliyebeba mzigo. Usifikiri sana, mchore tu. Umemaliza? Haya, mtazame. Nadhani amesimama wima kama mlingoti, na mzigo umebandikwa mgongoni kama stempu kwenye bahasha. Usione haya. Wengi wetu tulitoka shuleni tukichora hivyo hivyo.

Jambo hili lilinijia likizo ya Agosti, nilipokwenda nyumbani Kanyangi, huko Kitui, pamoja na mpwa wangu anayesoma shule ya upili jijini Nairobi. Kijana huyu hunakili nyuso kutoka kwenye picha za simu hadi ukadhani zitakuamkia. Agosti kwetu ni kiangazi. Vijito hukauka, na maji hutafutwa kwa kufukua mchanga. Mama yangu alikuwa akipanda kutoka mtoni, mtungi wa lita 20 mgongoni, ukanda wa mukwa umepita juu ya paji la uso. Kijana akamchora haraka kabla hatujakimbia kumpokea.

Baadaye nikaitazama picha. Sura ilikuwa ya nyanya yake hasa, hata makunyanzi. Nikamwambia, "Mjomba, mtungi huu hauna maji."

"Mbona nimeupaka weusi, Mjomba?"

"Weusi si uzito. Kesho ukauchote wewe."

Kesho yake aliubeba. Hakufika mbali kabla ya kuinama. Lita 20 za maji ni kilo 20, na zinapokuvuta nyuma huna budi kwenda mbele, ama uanguke chali. Alipoutua mtungi, alikuwa amepata somo la kwanza la kuchora mwili: kabla ya pua na macho, tafuta uzito umekaa wapi.

Wachongaji wa Ukambani wanalijua sana hili. Tangu Mutisya Munge wa Wamunyu aliporudi kutoka Vita Vikuu vya Kwanza na ufundi wa kuchonga vinyago vya kuuza, mafundi wengi wamekula kwa patasi. Kinyago chenye uzito usiolingana huanguka mezani, na fundi hujua palepale amekosea. Picha ya karatasi haianguki. Hudanganya tu, ikabaki imesimama.

Sasa tuingie kazini. Tulitumia makaa, maana makaa hayakuruhusu kuhangaika na kope za macho. Usiogope kwamba utamaliza miti. Kitui tunajua machungu ya misitu iliyogeuzwa magunia, hata serikali ya kaunti ikapiga marufuku biashara ya makaa mwaka 2018. Mchoraji anahitaji vijiti vya kujaa kiganja tu. Okota vijiti vikavu vya mti laini, vyenye unene wa penseli, uviambue maganda. Vipange kwenye kopo la bati, ufunike, utoboe tundu dogo kwenye kifuniko, kisha uweke kopo motoni. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma, epua. Usifungue mpaka kopo lipoe kabisa, la sivyo hewa itaingia na vijiti vitageuka jivu. Makaa ya jikoni hayafai sana, kwani mengi ni magumu na hukwaruza karatasi.

Karatasi iwe na ukavu kidogo, kama manila au kaki. Ile ya kalenda inayong'aa hukataa makaa. Ibane kwa vibanio vya nguo juu ya ubao, uuegemeze ubao wima, usawa wa macho yako.

Simama. Ndiyo, simama, usijikunje mezani kama anayeandika barua. Tanua miguu kidogo, uwe mbali na ubao kiasi cha urefu wa mkono. Jipange ili umwone unayemchora na karatasi yako kwa kuhamisha macho tu, bila kugeuza shingo.

Kijiti usikishike kama kalamu. Kilaze mezani, ukiokote kwa kidole gumba na ncha za vidole vingine, kiganja kikiwa juu yake. Hivyo ndivyo kinavyoshikwa. Mshiko wa kalamu hutumia vidole na kifundo cha mkono, nao hutoa mistari mifupi yenye woga. Mshiko huu hulazimisha mkono wote utoke begani. Penseli nayo ishike vivyo hivyo.

Anza na mstari mmoja mrefu, kutoka kichwani, kupitia mgongoni, hadi kwenye mguu uliobeba uzito. Jipe nusu dakika, kisha anza picha nyingine. Chora kumi kabla ya kuipenda hata moja. Halafu funga kijiwe kwenye uzi, uuning'inize mbele ya jicho lako, utazame kilichoko chini ya sikio. Kwa mtu aliyesimama wima bila mzigo, uzi huangukia karibu na kifundo cha mguu. Mwisho pima kwa kichwa: mtu mzima ana urefu wa vichwa saba na nusu hivi, na mtoto wa mwaka mmoja ana vinne tu. Ukikosea, futa kwa chembe za mkate.

Na usimsimamishe mtu na mzigo wake ili umchore. Mchore akipita, kisha mpokee.

Nami nilichora, asubuhi nyingine mama aliyotutangulia mtoni. Nikaushika uzi wangu. Ulitoka sikioni ukaanguka mbele ya vidole vya miguu. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimwambia "Pole, Mama," naye akijibu kwamba amezoea. Nilidhani nimemwona.

Jioni ile nilimpigia dada yangu simu. Hatukuzungumza habari za picha. Tulizungumza bei ya tangi na mifereji ya bati, ili mvua za Novemba zitukute tayari.

Juma hili, msomaji, mchore mtu mmoja wa nyumbani kwako akiwa kazini. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.