Pikipiki ya Bukhayo Katika Nchi ya Upepo

Hapana mtu wa Bukhayo asiyeijua bodaboda. Jina hilo lilizaliwa mpakani Busia katika miaka ya 1960, vijana walipovusha wasafiri kwa baisikeli kati ya lango la Kenya na lango la Uganda. Siku hizi pikipiki imeshika nafasi ya baisikeli, na wako vijana ambao, wakiisha kuizoea njia ya Nambale na Malaba, hutamani safari ndefu: Kitale, Maralal, hata Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana. Tamaa hiyo si mbaya. Lakini kila nchi ina saa zake.

Huku Bukhayo asubuhi huwa shwari, na dhoruba huja alasiri. Kwa hiyo msafiri mwenye busara huondoka alfajiri. Kule Turkana mambo ni kinyume. Upepo utokao kusini-mashariki hubanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na zile za Ethiopia, kisha hubanwa tena kati ya Mlima Nyiru na Mlima Kulal, kama maji yapitayo katika mfereji mwembamba. Huvuma kwa nguvu usiku na asubuhi, nao hupungua alasiri. Ndiyo sababu mahali hapo palijengwa mitambo 365 ya kufua umeme kwa upepo, yenye nguvu ya megawati 310, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2019.

Basi mtu aondokaye South Horr alfajiri kuelekea Loiyangalani hukutana na upepo huo ukimpiga ubavuni, katika njia ya mawe na kokoto. Naye ajue hesabu hii: kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huzidi mara nne. Mzigo uliorundikwa juu huwa kama tanga la mashua. Yafaa vitu vizito vifungwe chini, karibu na katikati ya pikipiki, mwendo upunguzwe, magoti yabane tangi, na mikono isikaze usukani kupita kiasi. Hatari kubwa hutokea penye kilima au lori: upepo hukatika ghafula, na dereva aliyekuwa akiuegemea huyumba, akitoka tu upande wa pili, hupigwa tena.

Asafiri lini, basi? Si usiku, kwa maana kokoto hazionekani. Ni heri angoje upepo upungue, ajue kwamba saa hizo ndizo za jua kali, achukue maji ya kutosha, naye ajaze petroli Maralal pamoja na akiba.

Mtu asidhani kwamba hayo ni maneno ya kumtia kijana woga. Pikipiki nyingi za Bukhayo zilinunuliwa kwa mkopo, nazo hulipa karo na kununua unga. Ikivunjika jangwani, si chuma tu kilichovunjika. Nyumba nzima imepoteza shamba lake.

Wenyeji wa Loiyangalani walikwisha kujifunza zamani. Nyumba zao za asili ni fupi na za mviringo, ili upepo upite juu yake. Mgeni na awaulize saa ya kuondoka kabla ya kuwasha pikipiki, kwa maana ustadi wa Busia haujui upepo wa Kulal.