Mashini ambayo fundi wetu hawezi kufungua si yetu

Kila mwaka koperative zetu zinapokea mashini mpya: ya kukoboa mpunga kule bonde la Ruzizi, ya kumenya kahawa kwenye vituo vya kuoshea, pompo za sola, mototrakta za kulimia. Siku ya kukabidhi kuna hotuba, picha na Fanta. Hakuna anayenyosha mkono kuuliza: hii ikiharibika, nani ana ruhusa ya kuifungua?

Ninasema ruhusa, si ufundi. Ufundi tuko nao. Ile moteri ndogo ya mazutu yenye pistoni moja, ile ya Kichina inayozungusha vinu vya vijijini, kijana aliyejifunza kazi chini ya mwembe anaifungua asubuhi na jioni inasaga tena. Vipuri viko sokoni Butembo, Bukavu, Uvira. Vikikosekana, mtu wa kuchomelea anajaribu kutengeneza. Inapiga kelele, inatoa moshi, inakunywa mafuta, lakini ni yetu kweli.

Mashini nyingi za sasa si hivyo. Ndani mna kompyuta ndogo, na vifaa vya kupima joto, mafuta, hata moshi. Kifaa kimoja kikikosea, kompyuta inapunguza nguvu ya moteri ama inaizima kabisa. Wakati mwingine unanunua kifaa kipya, unakifunga vizuri, na bado mashini inakataa, juu kompyuta haijaambiwa kwamba hicho kipya kinakubaliwa. Kuiambia kunahitaji programu ya kampuni, na programu hiyo haiuzwi sokoni.

Tusidhani ni shida ya maskini tu. Wakulima wa Marekani wamepigana juu yake miaka mingi. Mwaka 2015 kampuni ya matrakta John Deere iliiandikia ofisi ya serikali inayosimamia haki za waandishi na watunzi, ikisema mwenye trakta anapata tu ruhusa ya kutumia programu iliyo ndani, kwa muda wote wa maisha ya trakta. Yaani chuma umenunua, akili yake umeazima. Mwaka uleule ofisi hiyo ilikubali kwamba mwenye trakta anaweza kuvunja kufuli la programu ili atengeneze. Lakini kuruhusiwa kuvunja kufuli si sawa na kupewa ufunguo. Ndiyo maana jimbo la Colorado lilipitisha sheria mwaka 2023, ikaanza kazi Januari 2024: anayetengeneza mashini za kilimo lazima awape wenye mashini na mafundi wa kujitegemea vipuri, vitabu, vyombo na programu za kutengenezea. Januari 2025 serikali ya Marekani yenyewe, kupitia tume yake ya biashara, iliishitaki John Deere mahakamani juu ya jambo hilihili.

Na wale wana lami hadi karibu na shamba, gari la fundi wa kampuni linafika. Sisi je? Shabunda, kwa miaka mingi watu na mizigo wamefika kwa ndege. Ninajua koperative moja ya mpunga ambayo mashini yake ilisimama wiki sita, katikati ya mavuno. Fundi wa pale aliona shida siku ya kwanza: waya mmoja na kifaa cha kupima joto. Alikatazwa kugusa, juu ya garanti. "Mungoje mtu wetu," muuzaji alisema kwa simu. Wanachama waliokuwa na deni na ada za shule hawakuweza kungoja. Waliuza mpunga na maganda yake kwa wanunuzi wa barabarani, kwa bei ya wanunuzi. Hasara hiyo haikuandikwa katika ripoti yoyote. Garanti yenyewe ilikuwa ya mwaka mmoja.

Makampuni yana hoja zao, na si zote za uongo. Wanasema mtu asiyejua atajiumiza, ama atafungua ile sehemu inayopunguza moshi mbaya. Wanasema pia kufuli inazuia wizi. Mwaka 2022 askari wa Urusi waliiba matrakta na mashini za kuvunia katika duka moja la Melitopol, Ukraine, na zikazimwa kutoka mbali. Vizuri, mwizi alikosa faida. Ila hapo tunajifunza pia kwamba mkono wa kuzima uko mbali, na si wetu. Wale walio na sola za kulipa kidogo kidogo wanajua: ukichelewa kulipa, taa inazimika. Hiyo angalau uliambiwa mwanzoni.

Kwetu, tusingoje bunge. Karatasi tuliyo nayo mkononi ni kontra. Koperative iliyoandikishwa kufuatana na sheria ya OHADA, ambamo Kongo iliingia mwaka 2012, inaweza kusaini kontra kwa jina lake, na kukataa kusaini pia. Kabla ya prezidenti kushika kalamu, komite idai kitabu cha kutengenezea (si kile cha kuwashia tu), kwa Kifaransa ama Kiswahili. Idai orodha ya vipuri na bei zake, na nambari za siri zote za kompyuta ya mashini, zikae katika sanduku la koperative. Iandikwe wazi kwamba fundi wetu anaweza kufungua bila kuua garanti. Na huyo fundi afundishwe kabla ya siku ya Fanta. Muuzaji akikataa yote, bora tuchukue mashini ya zamani kidogo inayofunguka.

Mtasema: zawadi haichaguliwi. Mimi sikubali. Ardhi ya kuiweka tunatoa sisi, nyumba yake tunajenga sisi, mchango wa wanachama unaingia, na ikisimama ni sisi tunaokosa. Na hili ninaliandika katika gazeti la watu ambao nao wanatugawia mashini. Ninawaomba katika kurasa hizi, pale wanapohesabu mashini walizotoa, wahesabu pia zinazofanya kazi baada ya miaka mitatu, na waseme nani alizitengeneza.