Daktari wa Mgonjwa Asiyesema

Wako wazazi ambao mtoto wao hupata nafasi ya kusomea udaktari wa mifugo, nao badala ya kufurahi hununa. Walitazamia udaktari wa watu. "Miaka mitano ya chuo kikuu, kisha akachunge ng'ombe!" Ukurasa huu wa wiki hii ni wao. Wafahamu kwanza mwana au binti yao anakwenda kufundishwa nini, na jinsi mafunzo hayo yanavyoingia hadi katika sufuria yao wenyewe.

Shule ya kwanza ya fani hii katika Ulaya ilianzishwa mwaka 1761 mjini Lyon, Ufaransa, na Claude Bourgelat, ambaye alikuwa akiongoza chuo cha kupanda farasi. Askari hawatashangaa, kwa maana majeshi ya siku zile yalikwenda kwa miguu ya farasi. Na wakati huo huo sotoka ilikuwa ikifyeka ng'ombe wa wakulima. Kwetu Afrika Mashariki, kitivo cha Kabete, karibu na Nairobi, kilianza mwaka 1962 na kuwapokea vijana wa nchi zote tatu. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipogawanywa mwaka 1970, kila nchi ilijitafutia njia yake: Makerere ilianzisha kitivo chake mwaka 1971, na Morogoro ikafuata mwaka 1976.

Daktari wa watu hujifunza mwili mmoja. Huyu wa mifugo hujifunza miili mingi isiyofanana. Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne, naye hucheua; farasi ana chumba kimoja, na hata akiumwa vipi hawezi kutapika. Joto la digrii 41, ambalo kwa mtoto wako lingekukimbiza zahanati usiku, kwa kuku ni afya njema. Kidonge cha parasetamoli kinachotuliza kichwa chako kinaweza kumwua paka.

Tena mgonjwa hasemi. Basi mwanafunzi hufundishwa kumhoji mwenye mnyama, ambaye mara nyingi huficha: alimpa dawa ya jirani, akampa na nyingine, akaona haya kusema. Ndugu zetu wa polisi watalitambua somo hili. Huulizwa swali lile lile kwa njia tatu, bila ukali, huku macho yakimtazama mnyama na si msemaji.

Lakini somo linalowatoa jasho wengi ni la mkono. Mwanafunzi huvaa glavu ndefu ya kufika begani, akaingiza mkono katika utumbo wa nyuma wa ng'ombe, na kupitia ukuta wa utumbo huo akapapasa mji wa mimba ulio chini yake. Mwalimu amesimama kando, haoni lolote. Huuliza tu: "Umeshika nini?" Kijana aliyepita mitihani yote ya karatasi husimama pale ameduwaa, hajui kama alichoshika ni mji wa mimba au ni kibofu. Hakuna kitabu kitakachomsaidia. Ni kurudia kwa ng'ombe huyu na yule, wapole na wakorofi, hata vidole vizoee. Daktari aliyekomaa huweza kuitambua mimba tangu yapata wiki ya sita. Kwa mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa uani, jibu hilo ni fedha: ng'ombe anayedhaniwa ana mimba naye hana hula majani bure mwezi baada ya mwezi.

Vidole hivyo hivyo hutafuta tezi chini ya sikio na mbele ya bega. Zikivimba, na ng'ombe ana homa, mwanafunzi wa nchi zetu hukumbuka mara moja ndigana kali, iletwayo na kupe wa kahawia apendaye kukaa masikioni. Huvuta maji kidogo ya tezi kwa sindano, akayatazama kwa darubini.

Na liko somo la kutotumia kisu. Kwa kawaida mzoga hupasuliwa ili sababu ya kifo ijulikane. Lakini mnyama aliyekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani au nyuma, haguswi kwa kisu. Huenda ni kimeta. Mwili ukifunguliwa, vijidudu vyake hupata hewa, hujivika ganda gumu na kukaa udongoni miaka mingi vikingoja mnyama mwingine. Mwanafunzi huchukua tone la damu tu, kisha mzoga huchomwa au huzikwa kwa kina. Mwaka 2004 kimeta kiliua viboko wengi katika mbuga ya Queen Elizabeth, magharibi ya Uganda. Kwa hiyo mama wa nyumba anapoletewa nyama ya bei rahisi mno, auliza imechinjwa na nani, mbele ya nani. Kibudu hakifai kuliwa hata kikichemshwa kutwa nzima, na anayekichuna huweza kuugua kabla hakijafika jikoni.

Sotoka ile iliyowaliza watu wa Lyon iliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 ikamaliza mifugo ya makabila mazima. Chanjo iliyoishinda ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya. Mgonjwa wa mwisho alionekana Kenya mwaka 2001, na mwaka 2011 ulimwengu ulitangazwa kuwa hauna tena sotoka. Baada ya ndui ya binadamu, huo ndio ugonjwa wa pili kufutwa kabisa, na waliozunguka na sindano kutoka boma hadi boma walikuwa madaktari wa mifugo na wasaidizi wao.

Aliye sekondari na mwenye nia hiyo na ashike sana biolojia na kemia. Asiyestahimili harufu ya zizi na aseme mapema, kabla baba hajauza mbuzi wa karo.