Wajibu Kwanza, Mavuno Baadaye

Mkulima wa Kinole apandaye mdalasini leo hatarajii kuvuna kesho. Husubiri miaka kadhaa kabla ya kubandua magome. Subira hiyo yafanana na fundisho la Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha dini ya Kihindu: mtu atimize wajibu wake kwa moyo wote, wala asiyafanye matunda ya kazi kuwa bwana wake. Mahatma Gandhi, aliyepita Lamu, Mombasa na Unguja mwaka 1893 akielekea Afrika Kusini, alikifanya kitabu hicho dira ya maisha yake.

Dini hiyo haikatai mali wala starehe. Huyahesabu kuwa malengo halali, ili mradi yatawaliwe na dharma, yaani wajibu na haki. Hiyo ndiyo mizani ya maisha.

Mwaka 1955 Waluguru waliyapinga matuta waliyolazimishwa na wakoloni kuyachimba. Wajibu hauoti kwa kiboko. Lakini tamaa ya mavuno ya haraka nayo huuacha mteremko uchi, udongo ukaporomokea mto Ruvu unaowanywesha wakazi wa Dar es Salaam. Basi, tuutunze mlima kwa hiari yetu, hata kama kivuli chake watakipumzikia wengine. Hapo ndipo moyo hutulia.