Anayeleta Kompyuta Tangini Aje Kuichukua Ikifa

Kibaha ni mji wa ofisi na shule. Makao makuu ya Mkoa wa Pwani yako hapa, pamoja na Hospitali ya Tumbi na Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki. Kata ya Tangini ni sehemu ya mji huo, na kompyuta huingia humo kwa njia nyingi: zabuni, mikopo, misaada. Zinapokufa hazina pa kwenda. Hurundikwa stoo pamoja na printa zilizogoma na UPS zenye betri zilizovimba, mpaka utangazwe mnada wa vifaa chakavu.

Kwenye mnada, mzigo kama huo huweza kuangukia kwa mtu wa vyuma chakavu, na hapo ndipo penye hatari. Fundi hufungua kava, akatoa aluminiamu inayopoza prosesa, akakata nyaya na kuzichoma apate shaba. Moshi wa plastiki ya nyaya hizo una sumu inayobaki mwilini muda mrefu. Monita ya chogo huvunjwa kwa sababu ya koili ya shaba iliyozunguka shingo yake. Koili inaenda mizanini; kioo, ambacho kinaweza kuwa na zaidi ya kilo moja ya risasi, kinabaki chini pale watoto wanapopita. Fundi huyo si wa kulaumiwa. Anafanya kazi ambayo muuzaji wa kompyuta alipaswa kuigharamia.

Duniani, mwaka 2022 pekee zilizalishwa tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Afrika haikufika hata asilimia moja. Wakati huohuo Dell, HP na wenzao wana programu za kupokea vifaa vyao vilivyochakaa, na Ulaya sheria inawabana wazalishaji kulipia kazi hiyo. Bidhaa ni ileile, nembo ni ileile. Mnunuzi wa Kibaha naye anastahili huduma hiyo.

Huku kwetu, kampuni inapobadilisha mashine zake, njia iliyozoeleka ni kuzipeleka shuleni. Picha zinapigwa, mkuu wa shule anashukuru, na wanafunzi wanafaidika kweli. Lakini kompyuta iliyokwisha kutumika ofisini kwa miaka kadhaa haina maisha marefu mbele yake. Ikizimika moja kwa moja, shule ya kata wilayani Kisarawe, mkoa huuhuu, haina bajeti ya kuisafirisha wala mtu wa kumpigia simu. Kampuni imeshaifuta kwenye vitabu vyake, na mzigo umehamia kwa mwalimu wa TEHAMA. Jambo hili ni la haraka, kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, na mashine nyingi zisizokubali toleo jipya zinatafutiwa pa kwenda.

Wakenya walilitambua tatizo hili mapema. Shirika la Computers for Schools Kenya lilianza mwaka 2002, likikarabati kompyuta kuukuu na kuzigawa mashuleni. Baada ya muda swali likawa nani atazichukua zikifa, na kutokana na kazi hiyo kikazaliwa kituo cha WEEE Centre, Nairobi, kinachozivunja kwa utaratibu. Mwaka 2013 Dell nayo ilitangaza kufunguliwa kwa kiwanda cha East African Compliant Recycling, chenye mpango wa vituo ambako waokotaji wangelipwa kwa walichokileta. Malipo hayo ndiyo kiini cha mpango mzima. Bila fedha mkononi, hakuna fundi atakayeacha kuchoma nyaya.

Tanzania haikosi sheria. Kanuni za mwaka 2021 kuhusu taka za vifaa vya umeme na kielektroniki zipo, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) lina mamlaka ya kuzisimamia. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayopaswa kumtia wasiwasi kila mkuu wa ofisi, maana diski ya kompyuta iliyouzwa mnadani bila kusafishwa inaweza kuondoka na majina ya wagonjwa, mishahara na namba za NIDA. Kinachokosekana ni gari la kufika kuchukua.

Gari hilo lingepatikana kwa kifungu kimoja tu katika zabuni: anayeuza kompyuta 50 kwa halmashauri aondoke na zilizokufa, azifikishe kwa mchakataji mwenye kibali, kisha alete hati ya kuthibitisha. Gari lililopeleka mzigo Kisarawe huweza kurudi Dar es Salaam likiwa tupu. Kampuni inayotoa msaada nayo isaini kwamba itarudi, na shule ipewe nakala ya mkataba huo. Halmashauri ya Mji Kibaha isingoje wizara. Ifungue stoo zake, ihesabu kilichomo, na kabla ya mnada ujao iwaulize waliouza mashine zile watakuja lini kuzichukua.