Meza Moja, Vikombe Viwili

Tunaandika haya kutoka Chukwani, jirani na uwanja wa ndege, pale Sultani Barghash alipojenga kasri la kupumzikia na ambapo leo Baraza la Wawakilishi hukutana. Tumezungukwa na majirani Waislamu, watu wema, wanaotufahamu kwa mambo mawili: ibada ya Jumapili na chupa. La ibada hatulionei haya. La chupa ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Yalitokea mambo mawili katika juma moja. Jumatatu baraza la wazee lilikaa juu ya mama mmoja mjane aliyekuwa akiuza tembo la mnazi ili alipe ada za watoto. Tukamsimamisha Meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya usharika. Jumamosi tulialikwa kwenye sherehe ya kuvishana pete, nyumbani kwa msharika anayeheshimika. Baada ya chakula ikaletwa chupa ya wiski kutoka Marekani, iliyolala ndani ya pipa zaidi ya miaka kumi. Tukagawiwa glasi ndogo. Tukafundishwa kunusa kwanza, mdomo ukiwa wazi kidogo, kisha kuonja tone, kisha kuongeza matone ya maji ili harufu ifunguke. Nasi wazee, na mchungaji tukiwa naye, tulinusa, tukaonja, tukasema, "Kweli hii ni laini." Hakuna aliyesimamishwa.

Hatutaki kukisingizia kinywaji hicho. Ni kazi ya ustadi. Hutengenezwa kwa nafaka iitwayo rai, ndugu wa ngano, na sheria ya Marekani inadai isipungue asilimia 51 ya nafaka zote zilizotumika. Lazima kikae katika pipa jipya la mti wa mwaloni lililochomwa ndani kwa moto. Kila mwaka sehemu yake hupotea hewani kupitia mbao, na watengenezaji huiita fungu la malaika. Ndiyo maana kilichokaa miaka mingi huwa kichache, na kichache huwa ghali. Hata hivyo waonjaji wenyewe wanakiri kwamba umri peke yake si sifa: kikizidi kukaa, pipa hukitawala na kukitia uchungu. Somo hilo linatuhusu hata sisi tuliokaa miaka mingi kwenye viti vya mbele.

Aliyetufundisha usiku ule alisema tutafute ladha ya karafuu. Hakukosea, kwa maana ile asili inayoipa karafuu harufu yake imo pia katika mbao za mwaloni. Lakini tulikuwa Unguja! Karafuu, mdalasini na pilipili manga viko jikoni kwa kila mmoja wetu. Tulivutwa na nini, basi, kama si ile heshima ya kuwa miongoni mwa wanaoonja?

Heshima hiyo ina historia. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia biashara ya pombe kali katika eneo kubwa la Afrika, na serikali za kikoloni zikapiga marufuku Mwafrika kunywa vileo vikali vya Wazungu. Zilidai kumlinda, huku Mzungu akinywa barazani. Katazo lilipoondoka, chupa ile ikabaki cheti cha kuonyesha kwamba mtu amefika. Tulirithi kipimo cha mkoloni: pombe ya mwenye nacho ni ustaarabu, ya asiye nacho ni ulevi. Kipimo hicho tumekiingiza kanisani na kukiita nidhamu.

Wapo watakaotujibu kwamba wiski ile ilionjwa tu, bali tembo hulewesha. Tuseme kweli. Wiski ya namna ile haipungui asilimia 40 ya kileo. Tembo lililogemwa asubuhi halifikii hata robo ya ukali huo. Wengine watasema mama aliuza bila kibali. Huenda, lakini katika kikao kile hakuna aliyeuliza habari za kibali, wala Jumamosi hakuna aliyeuliza risiti ya chupa. Wengine watatukumbusha arusi ya Kana. Tunaiamini Kana. Ila Bwana aliifanya divai ile nzuri kwa ajili ya wageni wote, wala hakutenga mtungi wa wakubwa.

Kwa upande mwingine wapo ndugu wanaotaka tupige marufuku kila tone na tumalize mjadala. Tunaheshimu uchungu wao, maana wengi wamezika baba au kaka kwa sababu ya pombe. Lakini sisi ni Walutheri. Luther alikemea vikali ulevi wa Wajerumani wenzake, na hata hivyo hakuufanya mtungi mtupu kuwa sharti la neema. Mkewe, Katharina, alipika bia nyumbani kwao Wittenberg. Tukitafuta anayefanana naye katika usharika wetu, tutamkuta mama yule kabla hatujafika kwa wazee wenye glasi.

Neno linalotuhukumu liko katika Yakobo sura ya pili, kuhusu mwenye pete ya dhahabu anayepewa kiti chema na maskini anayeambiwa asimame pembeni. Na katika 1 Wakorintho 11 Paulo anawakemea waliokuja mezani pa Bwana huyu ana njaa na huyu amelewa. Kosa la Korintho halikuwa ulevi peke yake. Walimdharau asiye na kitu, kisha wakakiita chakula hicho cha Bwana. Je, sisi tumefanya nini tofauti?

Tuwakumbuke pia vijana wetu. Wengi wamevuka maji kutoka bara kuja kufanya kazi hotelini, Nungwi, Paje na Mjini. Wanasimama nyuma ya kaunta wakimimina kile ambacho Jumapili tunakihubiri kuwa dhambi. Sadaka zao tunazipokea. Wao wenyewe tunawatazama kwa jicho la pembeni. Mwenye kumimina anashukiwa na mwenye kunywa ghali anaheshimiwa: haki gani hiyo?

Wala tusisahau majirani. Luther aliandika mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo, kwamba hatawaliwi na mtu kwa imani, na kwa upendo anajifanya mtumishi wa wote. Warumi 14 inafundisha hivyo hivyo kuhusu chakula na kinywaji. Hapa Unguja kupiga fundo mbele ya jirani si ushahidi wa uhuru. Uhuru wetu utaonekana pale tutakapoweza kuiacha glasi bila kinyongo, kwa sababu tunampenda.

Basi tunadai mambo matatu. Kwanza, nidhamu ya kanisa iwe moja kwa tembo na kwa wiski, kwa mjane na kwa mzee wa kanisa. Kama hatuwezi kumsimamisha mmoja, tusimsimamishe mwingine. Pili, wanaofanya kazi hotelini waombewe na watembelewe kama wafanyakazi wengine, na anayetaka kazi nyingine asaidiwe kuipata. Tatu, kabla ya kumkataza mama chanzo chake cha ada, usharika uulize ada hiyo italipwa na nani.

Huku pwani tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tulisifiwa kwa ukali wa nidhamu yetu, tukaitia Injili maji.

Mama yule hajarudi. Watoto wake wanakuja Shule ya Jumapili. Yeye huwasindikiza hadi mlangoni, kisha hugeuka. Bwana amesema katika Mathayo 5 kwamba ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka mbele ya madhabahu ukapatane naye kwanza. Tumekumbuka. Kabla ya Chakula cha Bwana kijacho, sisi tulioshika glasi zile twende nyumbani kwake kwa miguu, tukabishe hodi, tumwombe msamaha. Akitukaribisha ndani, hapo ndipo tutakuwa na haki ya kuzungumza naye habari za tembo.